Uswisi kwa Dakika Ishirini Ishirini

Wako watu wanaozilaumu ziara za kundi. Husema ni kero tupu: kuamshwa kabla ya jua, kuhesabiwa mlangoni mwa basi, kufuata mwavuli mtaani, kuambiwa lini utazame na lini uache kutazama. Nimewasikiliza kwa adabu, na naona tatizo lao ni kwamba hawajawahi kuachwa peke yao katika mji wa Uswisi. Mtu aliye peke yake Zürich ana taabu. Kwanza lazima aamue aende wapi. Akifika, lazima aamue kama amepapenda. Na kwa kuwa hakuna anayemwita, anaweza kusimama pale nusu saa nzima, akaanza kufikiri, safari ikaharibika hivi hivi.

Ziara ya kundi imetuondolea adha hiyo. Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema uone nini, wala kwa muda gani. Pengo hilo wameliziba watu wa ratiba. Yetu iliandikwa Zürich asubuhi, Luzern mchana, Bern jioni, kulala kwenye hoteli ya kando ya barabara kuu, na kesho yake Italia. Miji mitatu, siku moja, mwavuli mmoja mwekundu. Tulikuwa watu arobaini na ushei kutoka Nairobi, Dar es Salaam na Mombasa, pamoja na jamaa wachache wa Muscat ambao Kiswahili chao kilitufanya sisi wengine tuanze kuchunga ndimi zetu. Kila mmoja alikuwa amekwisha kuhangaikia viza ya Schengen: taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima, alama za vidole. Mtu angedhani kwamba baada ya makaratasi yote yale, nchi yenyewe itatazamwa angalau kwa muda uleule tuliokaa kwenye foleni ya viza. Ratiba iliona mbali zaidi.

Hata historia inaiunga mkono. Thomas Cook alipopeleka kundi lake la kwanza Uswisi, mwaka 1863, kazi ilikuwa bado ya kienyeji. Binti mmoja wa Yorkshire aitwaye Jemima Morrell aliandika shajara ya safari ile, na humo tunaona uzembe wa mwanzo: walitumia karibu wiki tatu, walivuka milima kwa miguu na kwa nyumbu, wanawake wakiburuta magauni mapana kwenye mawe na barafu, na walipanda mlima Rigi ili tu walione jua likichomoza. Wiki tatu! Mwaka 1871 reli ya kwanza ya mlimani barani Ulaya ikaanza kuupanda mlima uleule, na tangu hapo kazi imekuwa ni kupunguza. Sisi ndio matunda ya jitihada hizo.

Zürich tuliifikia asubuhi na mapema, tukaanzia kanisa la Fraumünster. Ndani yake mna madirisha matano ya vioo vya rangi yaliyochorwa na Marc Chagall na kuwekwa mwaka 1970, msanii akiwa amepita miaka 80. Kuingia kunalipiwa. Kwa hiyo ratiba yetu ilisema, kwa maneno machache yaliyopimwa vizuri, kutazama kutoka nje. Sasa, asiyejua ajue kwamba dirisha la kioo cha rangi, ukilitazama kutoka nje mchana, halina rangi. Ni jeusi. Tulisimama uani tukayatazama madirisha meusi, huku kiongozi akitusomea rangi zake kupitia kile kidude cha sikioni: hii buluu, ile ya katikati kijani, ile manjano. Sijapata kuona imani ya namna ile katika uwanja wa kanisa. Watu walipiga picha.

Kidude hicho cha sikioni kinastahili sifa zake peke yake. Zamani kiongozi wa watalii alilazimika kusimama karibu na watu anaowaongoza. Siku hizi anaweza kuwa mtaa wa pili, nawe ukamsikia kana kwamba yumo kichwani mwako. Nilimsikia wetu, kwa uwazi wa kupendeza, akiagiza kahawa, akibishana na dereva kuhusu maegesho, na akimwambia mtu kwenye simu kwamba kundi la leo ni zuri kidogo kuliko la juzi. Mambo ya Zwingli na Matengenezo ya Kanisa, yaliyoanzia ng'ambo ya mto katika Grossmünster mwaka 1519, yalikatika kila lilipopita tramu, nasi hatukupoteza kitu kwa sababu tulikuwa tunavuka barabara.

Juu yetu ulikuwako mnara wa Mtakatifu Petro, wenye uso wa saa uliozidi mita 8 kwa upana, ambao hakuna kanisa jingine Ulaya lenye uso mkubwa kama huo. Kiongozi aliupenda mnara huo kuliko yote. Ulimwezesha kutukemea bila kutazama mkono wake.

Kisha tukaenda chooni. Hapa sitaki kuharakisha, maana hata ratiba haikuharakisha. Vyoo vya stesheni kubwa za Uswisi hulipiwa kwa sarafu, na watu arobaini na ushei wanaotafuta sarafu ya faranga mbili kwa wakati mmoja ndiyo nafasi pekee tuliyopewa siku ile ya kuujua uchumi wa nchi kwa undani. Foleni ya wanawake ilifika mpaka kwenye duka la maua. Pale kwenye foleni, kwa kukosa jingine la kufanya, niliitazama saa ya stesheni, ile yenye mshale mwekundu wa sekunde wenye kichwa cha duara, iliyobuniwa na mhandisi Hans Hilfiker mwaka 1944. Mshale huo huzunguka upesi kidogo kuliko dakika. Ukifika juu husimama kama sekunde moja na nusu, ukangoja ishara kutoka kwenye saa kuu, ndipo mshale wa dakika uruke, nao uendelee. Yaani katika kila stesheni ya Uswisi, kila dakika, hata saa yenyewe husubiri kidogo. Kiongozi wetu hakuwa Mswisi na hakuwa na udhaifu huo.

Zürich ina chemchemi za mitaani zaidi ya 1,200, na maji yake yanafaa kunywa. Tulinunua maji ya chupa. Kuinama kunachukua muda.

Njia ya kwenda Luzern inasemekana ni nzuri. Mama mmoja wa Mombasa alikuwa amebeba kopo kubwa la visheti kutoka nyumbani, akalizungusha basi zima, na milima nikaiona vipande vipande kati ya mkono unaochukua na mkono unaorudisha. "Chukua mwanangu, huko mbele hujui watakulisha nini," aliniambia, na huo ndio ulikuwa ushauri wa kitalii wenye ukweli kuliko wowote niliousikia siku ile.

Luzern wana simba. Amechongwa katika mwamba kwa mchoro wa Mdenmaki Bertel Thorvaldsen, kazi ikakamilika mwaka 1821. Amelala ubavu, mkuki uliovunjika umemchoma, kucha zake ziko juu ya ngao ya wafalme wa Ufaransa. Ni ukumbusho wa askari wa Kiswisi waliouawa Paris tarehe 10 Agosti 1792, umati ulipolivamia jumba la Tuileries. Waliajiriwa kumlinda Louis wa 16, na ubaya wa habari ni kwamba mfalme alikuwa amekwisha kuondoka na familia yake asubuhi ileile, akaenda kujisalimisha bungeni. Walikufa wakililinda jumba ambalo mwenyewe hayumo. Mark Twain, katika kitabu cha safari zake alichokitoa mwaka 1880, aliandika kwa hisia nzito juu ya huzuni ya jiwe lile. Yeye hakuwa na basi linalomngoja.

Sisi tulikuwa na dakika ishirini, na tulizitumia kwa haki. Kila mtu alihitaji picha akiwa peke yake na simba, kisha na mwenzi wake, kisha na wenzake wa chumba, kisha picha moja isiyo na watu ambayo haikuwezekana. Fanya hesabu mwenyewe: utaona hakuna sekunde iliyobaki ya kumtazama yule mnyama, na hilo ni jambo la busara, kwa sababu sura yake ina tabia ya kumnyamazisha mtu, na watu walionyamaza hupanda basi polepole. Kiongozi alitukinga na hatari hiyo kwa kutuonyesha kwamba shimo la mwamba alimolala simba lina umbo la nguruwe, na kutusimulia kisa wanachokipenda viongozi wote pale, kwamba eti mchongaji alipunjwa malipo akalipiza kisasi kwa namna hiyo. Kundi zima likacheka. Askari wale wamekuwa wakiliwa na huzuni miaka mia mbili, haidhuru kuwachangamsha.

Baada ya hapo tulipewa saa nzima ya maduka karibu na uwanja wa Schwanenplatz. Wapo wenye midomo wanaodai kwamba muda wa maduka huwa mrefu kwa sababu anayeleta wateja hupata chochote. Mimi sisemi hivyo. Mimi nasema kwamba saa za mkono huko zina bei ambayo mtu akiisoma mara ya kwanza haielewi, lazima asome tena, na kusoma kunataka muda. Tulipita pia kwenye zile saa za mbao zenye ndege anayechungulia na kulia, ambazo asili yake ni Msitu Mweusi wa Ujerumani na ambazo watalii hununua Uswisi kwa bidii. Na tulinunua chokoleti ya pembetatu iliyozaliwa Bern mwaka 1908. Mwaka 2023 wenye kiwanda waliuondoa mlima Matterhorn kwenye kasha lake, kwa kuwa sehemu ya kazi ilihamia Slovakia na sheria ya Uswisi haikubali bidhaa ijivike alama za nchi isipotoka humo. Niliona kasha lile linatuelewa.

Hapo Luzern ndipo lilipotokea jambo pekee linalotia doa siku ile, na sina budi kulieleza ili kampuni isilirudie.

Watu walipohesabiwa, akakosekana mmoja. Ni mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu wa historia, mtu mtaratibu ambaye mpaka hapo hakuwa amempa mtu yeyote wasiwasi. Kiongozi alihesabu tena. Dereva alizima injini, na katika safari za kundi hakuna sauti mbaya kuliko ile. Kwa zaidi ya nusu saa tukawa hatuna ratiba. Mwanzoni watu walilalamika inavyotakiwa. Kisha, mmoja mmoja, wakashuka. Wakasimama ukingoni mwa ziwa bila kuelekezwa. Mtu akauliza mlima ule mkubwa unaitwaje, na kwa kuwa kiongozi alikuwa amekwenda kumtafuta mzee, ikabidi tumuulize mwanamke mmoja wa pale, mtu mzima, aliyeketi kwenye benchi na mfuko wa mboga. Akasema ni Pilatus. Akasimulia kwamba zamani watu walisadiki maiti ya Pontio Pilato imetupwa kwenye kiziwa cha huko juu, na walikatazwa kukisogelea wasije wakaamsha tufani. Jamaa mmoja wa Muscat akatafsiri kwa walio nyuma. Mama wa Mombasa akamfungulia mwenyeji yule kopo la visheti. Akachukua kimoja, akatafuna, akachukua cha pili, akauliza kuna nini humo. Hiliki, akaambiwa. Akatuonyesha kwa kidole nyumba aliyozaliwa, ng'ambo ya mto, dirisha la tatu.

Hakuna lolote katika hayo lililokuwa kwenye programu. Hakukuwa na tiketi wala risiti. Mambo kama hayo yakiachwa yaenee, sijui makampuni yataishi vipi.

Mzee alirudi akitembea kwa utulivu nyuma ya mwavuli. Alikuwa kwenye Kapellbrücke, daraja la mbao lenye paa lililojengwa katika karne ya 14. Kundi lilikuwa limelivuka kwa mwendo mzuri sana, lakini yeye alirudi. Chini ya paa lile hutundikwa picha za pembetatu zilizochorwa katika karne ya 17, na usiku mmoja wa Agosti 1993 daraja liliungua na sehemu kubwa ya picha hizo ikateketea. Wenyeji walilijenga upya, likafunguliwa Aprili iliyofuata. Mzee alikuwa akipita chini ya paa, kichwa juu, akikagua zipi zimepona.

"Mzee wetu, tulikuwa na wasiwasi," akaambiwa kwa heshima yote.

"Poleni sana," akasema. "Niko nusu ya daraja tu."

Kuanzia hapo alikalishwa kiti cha mbele, karibu na kiongozi.

Uharibifu haukuishia hapo. Kwa mpango wetu tungefika Bern muda mfupi baada ya saa kumi kamili, tukauone mnara wa Zytglogge ukiwa umetulia, tupige picha, tuondoke kabla ya saa kumi na moja. Mpango wa watu wenye akili. Kwa sababu ya mzee yule tulifika chini ya mnara dakika chache kabla ya saa kumi na moja, wakati mbaya kabisa, kwa kuwa ndio wakati mitambo inapoamka. Jogoo wa mnara akawika. Msafara wa dubu wadogo ukaanza kuzunguka. Mchekeshaji aliyekaa juu yao akagonga kengele zake kabla ya wakati, maana hiyo ndiyo kazi yake tangu Kaspar Brunner alipoisuka mitambo ile mwaka 1530. Sanamu ya mzee mwenye ndevu ikageuza kioo cha mchanga. Tukabanwa pale katikati ya umati, hatuna pa kwenda, ikabidi tutazame yote mpaka mwisho. Watoto wawili wa kundi letu walipiga makofi. Kiongozi aliuinua mwavuli, lakini mbele ya jogoo yule haukuwa na nguvu.

Muda uliopotea ulifidiwa kishujaa. Nyumba ya Kramgasse namba 49 iko hatua chache tu kutoka mnara huo. Humo aliishi karani wa ofisi ya hataza aitwaye Albert Einstein, na ndiye aliyeuonyesha ulimwengu, mwaka 1905, kwamba muda haupiti sawasawa kwa kila mtu, bali hutegemea mwendo wake. Tulipita mbele ya mlango huo karibu tukikimbia, huku sikioni tukikumbushwa kwamba basi linaondoka saa kumi na moja na nusu kwa wote. Dubu wa Bern, ambao tangu mwaka 2009 wamepewa bustani pana kwenye kingo za mto Aare badala ya lile shimo la zamani, walifutwa kwenye ratiba. Mama wa Mombasa aliwahi kusimama kidogo mbele ya sanamu ya chemchemi ya karne ya 16, lile zimwi linalomeza mtoto na lenye gunia la watoto wengine.

"Huyu anawala watoto kwa nini?" akauliza.

"Twende, mama, twende," akajibiwa.

Wanazuoni wameitafuta maana ya sanamu ile kwa muda mrefu na hawajakubaliana, kwa hiyo jibu la kiongozi siliwezi kulidharau.

Hotelini hakuna la kusema. Ilikuwa na maegesho mazuri.

Kesho yake asubuhi, tukielekea Italia, ndipo nilipoelewa ziara hizi zinaelekea wapi, na namna zinavyoweza kufikia ukamilifu. Basi liliingia katika handaki la barabara la Gotthard, lililofunguliwa mwaka 1980, lenye urefu wa kilomita 16.9. Kwa mwendo unaoruhusiwa wa kilomita 80 kwa saa ni kama dakika kumi na tatu hivi. Unaingia kwenye Kijerumani, unatokea kwenye Kiitaliano. Kati yake hakuna daraja la kurudiwa, hakuna mwenyeji kwenye benchi, hakuna dirisha unaloambiwa ni buluu. Kusimama ni marufuku, kushuka ni marufuku. Kiongozi alivua kidude chake, akaegemea kiti, na kwa mara ya kwanza tangu Zürich nikamwona amepumzika. Watu wote arobaini na ushei walikuwapo. Mzee wa kiti cha mbele alitazama ukuta ukipita, naye hakuweza kufanya chochote.

Nimeiandikia kampuni kuishauri iongeze mahandaki, na ipunguze miji ipasavyo. Uswisi ina mahandaki ya kutosha, ya barabara na ya reli. Lile la reli lililo chini ya Gotthard, lililofunguliwa mwaka 2016, lina kilomita 57, na naamini kundi likiingizwa humo asubuhi linaweza kwenda na kurudi mpaka wakati wa chakula bila kupotelewa na mtu. Nimependekeza pia mwavuli uwekwe taa.